Siku Tisa za Kaskazi

Mwezi wa Disemba, siku chache kabla ya chuo kufungwa kwa sikukuu, msimamizi wa tasnifu yangu alinirudishia sura ya tatu. Nilikuwa nimeisubiri kwa wiki tano. Ilikuwa na kurasa 31, nayo ilihusu taswira za bahari katika ushairi wa pwani ya Kenya, hasa ushairi wa Muyaka bin Haji wa Mombasa. Nilizipekua kurasa hizo nikiutafuta wino mwekundu, kwani mwanafunzi wa uzamili huuzoea wino huo kama mgonjwa anavyoizoea dawa chungu. Sikuuona. Kurasa zote zilikuwa safi. Katika ukurasa wa mwisho tu palikuwa na sentensi moja iliyoandikwa kwa penseli: "Umewahi kupanda chombo?"

Sikuwahi. Nilizaliwa na kulelewa Bungoma, ambako maji makubwa tuliyoyajua ni ya mto Nzoia, nayo tuliyaogopa. Bahari nilikuwa nimeiona mara mbili, mara ya kwanza katika ziara ya shule ya upili, mara ya pili nilipokwenda harusini. Kivuko cha Likoni nilikuwa nimekipanda, lakini sidhani kwamba msimamizi wangu alikuwa akiulizia feri.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kurasa 31 nilizoziandika kuhusu mlingoti, tanga, foromali, pepo na mawimbi zilitoka chumbani kwangu katika mtaa mmoja wa Nairobi, ghorofa ya nne, mbele ya kipakatalishi kilichokuwa kikipata joto mpaka nikikiwekea kitabu chini yake. Kitabu chenyewe, naomba radhi kukiri, kilikuwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Makala nilizisoma katika kiwambo hicho hicho. Picha za majahazi nilizitazama humo humo. Nilipochoka na kiwambo kikubwa nilipumzika kwa kutazama kiwambo kidogo cha rununu. Hayo ndiyo maisha ya wengi wetu siku hizi na sidai kwamba mimi nilikuwa mgonjwa kuliko wenzangu. Ila kulikuwa na jambo moja lililonitia hofu ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeshindwa kusoma utendi hadi mwisho. Nilikuwa nikiketi na tenzi ambazo nilizisoma kwa kikao kimoja nilipokuwa katika shahada ya kwanza, na nifikapo ubeti wa kumi au wa kumi na mbili, mkono huwa umekwisha kwenda mfukoni kutafuta rununu bila mimi kuutuma. Mwanafunzi wa fasihi asiyeweza kusoma ni sawa na seremala anayeogopa mbao.

Hapa naomba kukengeuka kidogo. Wenzetu wa isimu wanalijua neno "vinjari". Kabla ya kuwapo kwa intaneti, kuvinjari kulikuwa ni kuzunguka na chombo baharini, huku na huku, kwa kutazama na kulinda. Leo tunavinjari mtandaoni na programu inayotuwezesha kufanya hivyo tunaiita kivinjari. Nalo umbo "kujivinjari" hapa kwetu Kenya limekuja kuwa na maana ya kujiburudisha. Neno moja limetoka baharini likaingia katika anasa, likaishia ndani ya tarakilishi. Nilikuwa nimevinjari kwa miaka mitatu bila kuondoka kitini, na wala sikuwa nimejivinjari.

Mwenzangu mmoja wa darasa, mzaliwa wa Matondoni katika kisiwa cha Lamu, ndiye aliyenichukua. Nilimwonyesha ile sentensi ya penseli nikitaraji atanihurumia, akacheka mpaka akakaa chini. "Twende kwetu," akasema. "Kaskazi imeshika, bahari ni shwari. Utampanda nahodha kichwani, sembuse chombo." Nilimweleza kwamba chuo kimenipa muda wa nyongeza hadi mwisho wa mwezi wa Machi, kwamba kila siku ina hesabu yake, kwamba labda mwakani. Aliniuliza siku ile nilikuwa nimeandika maneno mangapi. Sikuwa nimeandika hata moja.

Tulisafiri kwa basi usiku na mchana, Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe barabara inapokoma na bahari kuanza. Kipakatalishi nilikiacha Nairobi kwa jirani. Rununu nilikwenda nayo, lakini tulipofika Mokowe niliizima nikaitia chini kabisa ya begi, ndani ya soksi. Naliandika hili la soksi kwa sababu nataka msomaji ajue nilivyokuwa mtoto katika jambo hili.

Huenda msomaji atashangaa kwamba mtu anatoka Nairobi kwenye hewa baridi kidogo akaenda Lamu kutafuta raha katika miezi ambayo jua lake linachoma. Tatizo hili ni la tafsiri pia. Shuleni tulifundishwa kwamba majira ya joto ya Wazungu yaitwe kiangazi, tukaridhika. Lakini kiangazi chao ni cha Juni hadi Agosti, na katika miezi hiyo pwani yetu huwa chini ya upepo wa kusi: bahari imechafuka, asubuhi zina kipupwe na vyombo vingi vidogo havitoki. Joto letu la pwani huja na kaskazi, tangu Disemba hadi Machi hivi, na ndipo wageni wao wanapomiminika Shela kulinunua jua ambalo kwao limewapotea. Wao hulala mchangani. Wenyeji huhama kutoka kivuli hadi kivuli kadiri jua linavyosogea, na mtu wa Lamu akimwona mgeni amejilaza juani saa saba mchana humtazama kwa huruma ile anayotazamwa mtu aliyefiwa. Kuota jua ni kwa mtu mwenye baridi. Mwenye joto hupunga upepo. Na neno hilo la kupunga nalo lina ndugu yake, maana pepo wa kichwani nao hupungwa. Sijui kama nilikwenda kupunga upepo au kupungwa pepo.

Siku tatu za kwanza zilikuwa mbaya. Ningependa kuandika kwamba nilipoona maji nilitulia, lakini ukweli ni kwamba nilihangaika. Mkono ulikuwa ukienda mfukoni na kukuta mfuko mtupu. Usiku nilisikia mtetemo wa rununu pajani ilhali rununu iko ndani ya soksi, ndani ya begi, chumba cha pili. Nilijiuliza ni nani ananitafuta, na hofu yangu kubwa, nikiichunguza vyema, ilikuwa kwamba hakuna anayenitafuta. Mama yake mwenzangu alinipa jamvi barazani, akaniletea uji wa asubuhi, wali wa nazi wa mchana na maembe katikati ya hivyo viwili, wala hakuniuliza nimekuja kufanya nini. Mchana nilitazama mafundi wakiunda mashua chini ya kivuli: mataruma yamesimama juu ya mkuku kama mbavu za mnyama mkubwa, fundi mmoja anachonga kwa tezo, mwingine anasokomeza pamba katikati ya mbao kutia kalafati. Maneno yote hayo nilikuwa nayo katika faharasa ya tasnifu yangu, nimeyapanga kwa alfabeti. Niliona haya kwamba siwezi kusema lipi kati ya hayo huja kwanza wakati chombo kinapoundwa.

Siku ya nne nilijulishwa kwa ami yake mwenzangu, ambaye ni nahodha. Sitamtaja jina kwa kuwa sikumwomba idhini, nami nilimwita Ami kama alivyoitwa na kila mtu mle nyumbani. Ni mtu wa makamo, mwembamba, msemaji. Alikuwa akizungumza Kiamu kwa kasi, na mimi, mwenye shahada ya Kiswahili na ninayetafuta ya pili, ikawa sina budi kufasiriwa na mtoto wa miaka kumi. Ndoo, ndia, mayi na mato niliyaelewa. Nilikuwa nimeyasoma darasa la lahaja. Ila lahaja ya darasani haina mwendo. Akanihurumia, akaanza kunisemesha Kiswahili alichokiita cha shule.

"Unasoma mashairi ya nani?" akaniuliza.

"Ya Muyaka, Ami."

"Wa Mvita?"

"Naam."

Akawageukia wenzake barazani. "Huyu amekula maembe yetu siku nne, kumbe ni mtu wa Muyaka!"

Waliangua kicheko, nami nilicheka baadaye, nilipoukumbuka ugomvi wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19 Lamu ilipambana na Mombasa ya Wamazrui, wakapigana Shela, na washairi wa pande zote mbili walirushiana mishale ya mashairi. Muyaka alikuwa upande wa Mombasa. Nilikuwa nimeandika aya mbili kuhusu ugomvi huo, nikitegemea kitabu cha Mohamed Abdulaziz cha mwaka 1979, nikauita "muktadha wa kihistoria". Sikufikiri kwamba ungeweza kunipata barazani na mkono wangu ukiwa katika embe la watu.

Kesho yake, maji yalipoanza kujaa, nilipanda chombo.

Ilikuwa mashua ya tanga moja, Ami kwenye usukani, vijana wawili na mimi. Kazi niliyopewa ilikuwa ni kuhamisha vifuko vya mchanga kutoka ubavu mmoja wa mashua hadi mwingine kila nitakapoambiwa. Tulikuwa tukielekea upande wa Mkanda, ule mlango mwembamba ulio baina ya kisiwa cha Manda na bara. Yaani tulikuwa tukiufuata upepo ulikotoka. Hewa ilikuwa nyepesi, maji ya kijani yaliyopambazuka hadi chini, na upepo ulinipiga usoni bila kukoma. Nilimwuliza Ami tutakwendaje mbele na upepo unatoka mbele.

"Upepo utokako hakuna ndia," akasema. "Tutabisha."

Ndugu msomaji, neno hilo nilikuwa nalijua. Kubisha ni kugonga mlango. Kubisha ni kukataa neno la mwenzio. Maana ya tatu, ya mabaharia, ni kwenda kwa tanga kinyume cha upepo kwa kukata mshazari, nayo kamusi haikuificha. Mimi niliipita kwa haraka kama mtu anavyopita duka asilonunua kitu. Sasa nikaiona. Mashua haikuelekea tulikokuwa tukienda. Ilielekea pembeni, kwenye mikoko ya mkono wa kushoto, kwa kasi, imelalia upande wa demani hadi maji yakalamba ukingo. Tuliikaribia mikoko nikadhani tumepotea. Ami akatoa sauti. Vijana wakairukia foromali wakaipitisha upande wa pili wa mlingoti, tanga likapigapiga kama kuku aliyeshikwa, mimi nikaburura vifuko vya mchanga nikajigonga goti, tanga likajaa tena na tukawa tunaelekea mkono wa kulia, mahali pengine kabisa ambapo pia hatukuwa tukienda. Tulifanya hivyo mara nyingi hata nikasahau hesabu. Kila mara nilipotazama nyuma, Matondoni ilikuwa imesogea mbali kidogo.

Katika ukurasa wa 17 wa sura ya tatu nilikuwa nimeandika kwamba chombo kinachokwenda mara kushoto mara kulia ni taswira ya mtu asiye na msimamo, anayeyumbishwa na mamlaka. Nilikuwa nimejenga hoja nzima juu ya msingi huo, kurasa 14, pamoja na jedwali. Nikiwa nimeketi juu ya vifuko vya mchanga, goti linavuja damu, nilimtazama Ami. Jicho lake halikubanduka kwenye ncha ya tanga. Mkono wake kwenye usukani ulikuwa ukisogea kwa upana wa kidole tu. Hakuna mtu niliyewahi kumwona akijua aendako kuliko yule, na chombo chake kilikuwa kikienda kila mahali isipokuwa huko. Hoja yangu ilizama pale pale na jedwali lake.

Sikufurahi. Watu husimulia ugunduzi kana kwamba ni raha tupu, lakini mimi nilihisi tumbo likinikata. Kurasa zile ziligharimu miezi saba.

Tulipoingia Mkanda upepo ulikatika, kwani mikoko imeuziba kila upande. Tanga likashushwa, vijana wakashika pondo wakaanza kuisukuma mashua, na kukawa na ukimya ambao sijui nitaueleza vipi kwa mtu anayekaa Nairobi. Maji yalikuwa yakijaa. Ami alisema vyombo vikubwa havipiti hapa maji yakipwa, na kwamba mtu akichelewa hungoja. Nilimwuliza kungoja kwa muda gani. Akanitazama kama kwamba nimeuliza swali la kigeni. "Mpaka yajae." Huko maji ndiyo saa, nayo ni saa isiyokaa mahali pamoja, maana kujaa kwa leo hakutakuwa wakati ule ule kesho, husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katikati yake ni maji mafu. Mtu hawezi kuyaharakisha maji. Tulivua kwa mshipi, tukapata changu wachache, mimi nikapata mmoja mdogo aliyenifanya nipige kelele mbele ya watu wazima.

Lazima niseme jambo jingine, nisije nikadhaniwa nimelewa bahari. Yaliyokuwa mapumziko kwangu yalikuwa kazi kwao. Kaskazi ndiyo msimu wao wa kuchuma. Kusi ikija watakaa nchi kavu wakila walichoweka. Ami mwenyewe alikuwa na rununu. Ilikaa ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko, na kila tulipofika mahali penye mawimbi ya simu aliifungua akazungumza na mnunuzi wa samaki kwa ukali ambao sikuutaraji. Mmoja wa wale vijana alitazama hali ya upepo wa kesho katika rununu yake kabla hatujalala. Hawakuwa na ugomvi na kiwambo. Walikitumia kisha wakakifunika. Aliyehitaji soksi alikuwa mimi.

Siku zilizobaki zilipita upesi kuliko zile tatu za kwanza. Nilikwenda baharini mara mbili tena. Jioni ya siku ya nane, mwanga ukiwa bado upo, niliketi barazani na nakala ya Utendi wa Mwana Kupona iliyokuwa mle nyumbani, imechakaa, jalada limefungwa kwa uzi. Nilianza kuusoma kimoyomoyo. Mama wa nyumba, aliyekuwa akisuka mkeka kwa ukindu, akaniambia nisome kwa sauti na yeye asikie. Nikasoma. Nilipokosea mizani alinisahihisha bila kuinua macho kutoka kwenye mkeka, kwa kuwa alikuwa nao moyoni sehemu kubwa. Mwana Kupona wa Pate aliutunga mwaka 1858 kumwachia binti yake wakati yeye mwenyewe yu mgonjwa, na wapo wahakiki wanaoulaumu kwa jinsi unavyomfunza mke kumtii mume. Nami katika semina nilikuwa mmoja wao. Sijaubadilisha msimamo huo. Lakini usiku ule nilifika mwisho. Taa ilikuwa imewashwa pembeni yangu na sikumbuki ni nani aliyeiwasha.

Niliifungua rununu Mokowe, siku ya tisa, nikisubiri basi. Ilitetemeka kwa muda mrefu mpaka mwenye kibanda cha chai akanitazama. Ujumbe mwingi ulikuwa takataka: makundi ya WhatsApp yaliyokuwa yakitakiana heri ya mwaka mpya kwa picha zile zile. Mama alikuwa amenipigia mara moja, akatuma ujumbe kwamba kama niko salama basi haina haja. Na kulikuwa na barua pepe moja kutoka taasisi moja niliyokuwa nimeomba kufundisha kwa muda, masomo ya jioni. Walitaka nithibitishe kwa saa 48 kwamba nitafika kwenye mahojiano. Ilikuwa imetumwa siku ya pili ya safari yangu, saa zile zile nilipokuwa nikisikia mitetemo ya uongo pajani. Niliwapigia pale pale kibandani. Mama mmoja mwenye adabu aliniambia, "Pole, kaka, nafasi ilikwisha kuchukuliwa." Kodi ya nyumba ya Januari nililipiwa na kaka yangu mkubwa, aliyetaka kujua kwa nini mtu mzima huzima simu. Nilijaribu kumweleza habari za kubisha. Hakuelewa, na nikiwa mkweli, kwa upande wa kodi alikuwa na haki.

Kwa hivyo siwezi kumwambia msomaji azime rununu aende zake pwani. Mimi ilinigharimu kazi ya muhula mzima. Naeleza tu yaliyonipata.

Msimamizi wangu nilimwona juma la pili la Januari. Nilimwambia kwamba kuanzia ukurasa wa 17 hadi wa 30 nitazitupa. Aliniuliza kwa nini, nikamweleza, nikichora mashua na upepo kwenye kipande cha karatasi. Aliitazama michoro ile kwa muda, akauliza kama Ami alivuliwa viatu nami nilipoingia barazani kwake, kwani yeye mwenyewe alikaa Pate miezi minne katika utafiti wake na hilo ndilo kosa lake la kwanza alilokumbuka. Kisha akasema muda wa nyongeza hautaongezwa tena, kwa hivyo niandike haraka. Niliandika. Kipakatalishi kiko juu ya kipande cha ubao sasa, na kamusi iko mezani mahali inapostahili. Machi ilikwisha nikiwa nimebakiza hitimisho, chuo kikanitoza ada ya muhula mwingine.

Mwezi wa Mei Ami alinipigia simu. Nilisikia mvua nyuma ya sauti yake. Alisema kusi imekaza, mashua imepandishwa pwani, wanaitoa pamba ya zamani kutia kalafati mpya. Aliuliza kama kazi ya yule mtu wa Mvita imekwisha.

"Bado, Ami," nikamwambia. "Imebaki sura moja."

"Haya," akasema. "Matlai ikivuma tutaishusha. Lete na viatu vya mpira, lile goti lako nalikumbuka."